Kanvasi Inapomsumbua Mchoraji Anayeanza: Dalili, Vyanzo na Utatuzi kwa Rangi za Akriliki

Mchoraji anayeanza na rangi za akriliki hulaumu kwanza mkono wake, kisha brashi, kisha rangi yenyewe, na kanvasi huikumbuka mwisho kabisa, ilhali matatizo mengi ya siku za mwanzo yanatokea hapo. Rangi hukauka kabla haijasambazwa, vitone vyeupe havizibiki hata kwa kupaka mara tatu, mstari ulionyooka hutoka umekatikakatika, au ngozi ya rangi hubanduka kwa kuguswa na ukucha. Kila moja ya dalili hizi ina chanzo kinachoweza kutambuliwa kwa macho na vidole, na mara nyingi chanzo hicho kilikuwapo tangu siku kanvasi ilipotolewa dukani.

Kanvasi iliyo tayari kuchorewa ina sehemu tatu: kitambaa, ambacho kwa kawaida ni cha pamba au kitani, jeso, yaani tabaka jeupe la msingi linalopakwa juu ya kitambaa, na kinachokibeba kitambaa hicho, ambacho ni fremu ya mbao au bodi. Kabla ya kutafuta dawa ya tatizo lolote, inafaa kwanza kuamua ni sehemu ipi inayosumbua. Matatizo ya rangi kushika au kutoshika hutokana zaidi na jeso. Matatizo ya vitone na mistari isiyotulia hutokana na ufumaji wa kitambaa. Na matatizo ya umbo, yaani kulegea, kupinda na kujikunja, hutokana na fremu au bodi. Wauzaji hupenda kutanguliza swali la pamba au kitani. Kwa maoni yangu, kwa anayeanza swali hilo ndilo la mwisho: jeso itangulie, fremu ifuate, kitambaa kije baadaye, kwa sababu pamba ya kawaida iliyopakwa jeso vizuri hufaa kuliko kitani cha bei kubwa kilichopakwa vibaya.

Rangi inanywewa haraka na kukauka ikiwa imefifia

Dalili hii hujitokeza mapema. Brashi iliyojaa rangi huenda umbali mfupi kisha huanza kukwama. Rangi mbili zilizopakwa sambamba hazichanganyiki mpakani kwa kuwa ya kwanza imeshakauka. Na picha ikiisha kukauka, bluu na nyekundu zilizokuwa nzito huonekana zimepoteza kina. Ni kweli kwamba akriliki hukauka upesi kwa asili yake, maana hukauka kwa kutokwa na maji, na hewa ya joto au upepo huzidisha kasi hiyo. Lakini ikiwa rangi ileile, katika chumba kilekile, inasambaa vizuri kwenye kanvasi moja na kukwama kwenye nyingine, tatizo si hewa.

Kipimo rahisi ni tone la maji. Laza kanvasi mezani, chovya ncha ya brashi safi katika maji, kisha udondoshe tone moja karibu na pembe. Kwenye jeso iliyopakwa vyema, tone hukaa juu na kutanuka polepole, na ukilifuta baada ya nusu dakika huacha unyevu mdogo tu. Kwenye jeso hafifu, tone huzama papo hapo na kuacha doa la kijivu, na wakati mwingine doa hilo huonekana hadi upande wa nyuma. Inua kanvasi hiyo mbele ya dirisha au taa uitazame kwa nyuma. Mwanga unaopenya sawasawa kwenye uso wote ni jambo la kawaida. Nukta kali za mwanga katikati ya nyuzi ndizo zinazoonyesha kwamba jeso haikuziba matundu ya kitambaa.

Maandishi ya kwamba kanvasi imepakwa jeso mara mbili au tatu hayamsaidii sana mnunuzi, kwa kuwa hayasemi kila tabaka lilikuwa na unene gani. Matabaka matatu ya kiwandani yanaweza kuwa membamba kiasi cha kutofikia tabaka moja lililopakwa kwa brashi nyumbani.

Dawa ni kuongeza jeso, na hapa inasaidia kujua imetengenezwa kwa nini. Jeso ya akriliki ni gundi ya polimeri ya akriliki iliyochanganywa na chaki na unga mweupe wa titani: gundi hushikamana na kitambaa na kunyumbulika pamoja nacho, chaki huleta ukwaruzo kidogo na uwezo wa kunywa rangi kwa kiasi, na titani huleta weupe. Tabaka la kwanza liongezewe maji kidogo, yasizidi robo ya jeso yenyewe, ili lizame kwenye matundu. Likikauka, pitisha msasa laini wa namba 220 kwa mkono mwepesi, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha upake tabaka la pili kwa kukatisha upande wa kwanza. Ikiwa la kwanza lilipakwa kutoka juu kwenda chini, la pili liende kutoka kushoto kwenda kulia. Jeso hukauka kwa kugusa ndani ya saa moja hivi, lakini ni vyema kuiacha usiku kucha kabla ya kuchora, kwa sababu maji yaliyozama ndani ya nyuzi huchelewa kutoka.

Ipo hali nyingine inayofanana na hii lakini dawa yake ni tofauti. Sugua uso wa kanvasi kwa kipande cha kitambaa cheusi. Kitambaa kikipata unga mweupe, basi jeso hiyo ina chaki nyingi kuliko gundi, au ilizimuliwa kwa maji kupita kiasi, na kuongeza jeso nyingine juu yake ni kujenga juu ya mchanga. Futa unga wote kwanza, paka tabaka moja jembamba la midiamu ya akriliki, yaani gundi ileile ya akriliki isiyotiwa rangi, ili ilishike lile vumbi lililobaki, liache likauke, ndipo urudi kwenye jeso.

Wengi huuliza kama rangi nyeupe ya ukutani inaweza kuchukua nafasi ya jeso. Kwa mazoezi ya kutupwa haina madhara. Kwa picha inayotarajiwa kudumu haifai, kwa kuwa rangi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya ukuta usiosogea, na kanvasi hutikisika na kubonyea kila inapobebwa.

Rangi inasambaa kwenye nyuzi bila kufuata brashi

Ukipaka mstari na kingo zake zikatambaa pande zote mfano wa wino kwenye kitambaa, kanvasi hiyo haina jeso kabisa. Huuzwa hivyo kwa makusudi, na rangi yake huwa ya pamba mbichi, yaani maziwa yenye vidoa vidogo vya kahawia. Mnunuzi mgeni huichukua kwa sababu ni nafuu na inaonekana ya asili zaidi.

Si kitu kibovu. Kitambaa kisicho na kinga kikipakwa rangi za mafuta, mafuta hayo hukidhoofisha kadiri miaka inavyopita, lakini akriliki haina tabia hiyo, na ndiyo sababu wachoraji kama Helen Frankenthaler wa Marekani, aliyehamia akriliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliweza kuimwaga rangi nyepesi moja kwa moja kwenye kitambaa kitupu na kuiacha izame. Anayejifunza kuweka vivuli na kingo, hata hivyo, atapata tabu isiyo na faida. Paka matabaka mawili au matatu ya jeso na kanvasi itakuwa ya kawaida.

Rangi inajikusanya matone, inateleza, au inabanduka baada ya kukauka

Hili ndilo tatizo linalostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu kanvasi inayonywa rangi inaponyeka, lakini ile inayoikataa mara nyingi haiponi. Rudia kipimo cha tone la maji. Tone likijikusanya kuwa duara na kuviringika kanvasi inapoinamishwa, uso huo una mafuta au ni laini kupita kiasi.

Chanzo kizito zaidi ni kanvasi iliyotayarishwa kwa ajili ya rangi za mafuta. Akriliki ni rangi inayozimuliwa kwa maji. Ikiwekwa juu ya msingi wa mafuta hukauka na kuonekana nzuri, lakini haikushikamana na kitu, na baada ya muda huinuka vipande vipande. Kinyume chake kinawezekana, yaani rangi za mafuta hukaa vyema juu ya jeso ya akriliki, na ndiyo maana kanvasi zinazotangazwa kuwa za matumizi yote huwa zimepakwa msingi wa akriliki. Kanvasi yenye msingi wa mafuta mara nyingi ni ya kitani, ina mng'ao wa mbali, weupe wake huelekea manjano, na ikiwa mpya unaweza kunusa mafuta ya kitani. Isipokuwa na maelezo yoyote na shaka ikabaki, paka rangi kwenye pembe moja, iache siku mbili, kisha bandika kipande cha utepe wa karatasi wa mafundi rangi, kikandamize kwa kidole gumba na ukivute kwa mkupuo. Utepe ukija na rangi, kanvasi hiyo haifai kwa akriliki, na kuifunika kwa jeso ya akriliki hakutasaidia, kwa sababu jeso nayo ni akriliki na itabanduka vilevile. Mpe anayechora kwa mafuta.

Chanzo chepesi ni grisi ya mikono au ya vifungashio, ambayo huonekana kama madoa machache yanayokataa rangi huku sehemu nyingine zikiipokea. Futa kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, futa tena kwa maji matupu, uiache ikauke. Ikiwa uso mzima ni laini kama plastiki, msasa wa namba 220 ukipitishwa kwa mizunguko midogo huurudishia ukwaruzo.

Ikiwa kanvasi ni nzima na rangi bado inafutika kwa kitambaa chenye unyevu, huenda kosa ni la maji. Akriliki iliyozimuliwa sana haibakiwi na gundi ya kutosha kushikilia chembe zake, hasa juu ya uso usionywa. Anayetaka rangi nyepesi sana atumie midiamu ya akriliki badala ya maji matupu. Vilevile, katika chumba chenye baridi kali, chini ya nyuzi joto 9 hivi, gundi ya akriliki hushindwa kuungana kuwa utando mmoja hata kama rangi imekauka, na hapo hakuna kanvasi itakayoiokoa.

Neno moja kuhusu jeso ya jadi, ile ya gundi ya wanyama na chaki, ambayo bado inauzwa. Jeso hiyo ni ngumu na hupasuka ikikunjwa, kwa hiyo ilikusudiwa kupakwa juu ya mbao. Ile ya akriliki, ambayo Liquitex ya Marekani iliitoa mwaka 1955, ndiyo inayonyumbulika na kitambaa. Anayenunua unga au kopo lisiloeleza ni jeso ya aina gani anabahatisha.

Vitone vyeupe vinabaki, mistari inakatika, brashi inaisha upesi

Kitambaa kina nyuzi za mtande na za mshindio, na zinapopishana hutokea vilima na mabonde madogo. Brashi ikipita juu juu hugusa vilima tu na kuacha mabonde yakiwa meupe. Kwenye kitambaa chenye ufumaji mkubwa, mstari mwembamba kama wa kope la jicho au waya hauwezi kutoka umenyooka, kwa kuwa ncha ya brashi inapanda na kushuka. Na nywele za brashi laini hukatika kwa kusuguliwa huko.

Hapa ndipo uzito wa kitambaa huwachanganya wanunuzi. Uzito hutajwa kwa gramu kwa mita ya mraba, au kwa aunsi kwa yadi ya mraba. Aunsi 7 ni kama gramu 240, aunsi 10 ni kama gramu 340, na aunsi 12 ni kama gramu 410. Tarakimu hiyo hueleza uimara, haielezi ufumaji. Kitambaa kizito kinaweza kuwa na nyuzi nene zilizoachana, na chepesi kikawa na nyuzi nyembamba zilizobanana. Tena baadhi ya viwanda hutaja uzito wa kitambaa pamoja na jeso, kwa hiyo kanvasi mbili zenye tarakimu moja zinaweza zisilingane hata kidogo. Pitisha ukucha juu ya uso kwa mshazari na usikilize. Ukucha unaoruka na kutoa mkwaruzo unaosikika umekutana na ufumaji mkubwa. Unaoteleza kwa mlio hafifu umekutana na ufumaji mdogo. Wa kwanza unawafaa wanaopaka rangi nzito kwa kisu au kwa brashi za nywele ngumu, maana mabonde hayo huishika rangi. Wa pili unawafaa wanaochora nyuso, maandishi na vitu vyenye maelezo madogo. Anayeanza na hajui ataelekea wapi achague wa katikati.

Kanvasi iliyokwisha kununuliwa inaweza kulainishwa kwa jeso na msasa kwa zamu hadi mabonde yajae, kazi inayochosha lakini yenye matokeo. Njia ya mkato ni kuuvunja weupe: kabla ya kuanza picha, paka kanvasi nzima rangi moja ya kati iliyozimuliwa, kwa mfano kahawia hafifu, na uisugue iingie mabondeni. Vitone vitabaki, lakini havitakuwa vyeupe, na jicho halitavitafuta. Njia hii ina faida nyingine ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni kwamba ni rahisi zaidi kupima giza na mwanga juu ya rangi ya kati kuliko juu ya nyeupe.

Kifundo kimoja kimoja cha uzi, chenye ukubwa wa punje ya mtama, si kasoro ya kurudisha kanvasi dukani. Hupunguzwa kwa msasa baada ya tabaka la kwanza la jeso. Usikikate kwa wembe, kwa sababu utaacha tundu.

Kanvasi imelegea

Bonyeza katikati kwa kidole na uachie. Kanvasi iliyokazwa vyema hurudi mara moja na ikigongwa kwa kucha hutoa mlio wa ngoma ndogo; iliyolegea hubonyea, hukawia, na brashi inapoigusa hukimbia. Rangi haiwezi kupakwa sawasawa juu ya uso unaokimbia, na kwenye kanvasi kubwa kitambaa huweza kubonyea hadi kikagusa mbao za nyuma.

Vyanzo ni vitatu na hutambulika kwa mahali na wakati. Ikiwa imelegea tangu dukani, ilikazwa vibaya. Ikiwa inalegea na kukaza kufuatana na hali ya hewa, ni unyevu, kwa maana nyuzi na mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ikiwa imelegea katikati baada ya kumwagiwa rangi nyingi, ni uzito wa maji.

Tazama pembe za ndani za fremu. Fremu nzuri zina nafasi za kuingiza kabari ndogo za mbao, mbili kwa kila pembe, ambazo mara nyingi huja zimefungwa kwenye mfuko mdogo nyuma ya kanvasi na mnunuzi huzitupa akidhani ni mabaki. Ziingize kwa mkono zote nane kwanza, kisha gonga kila moja kidogo kidogo kwa nyundo nyepesi ukizunguka pembe zote nne kwa zamu, badala ya kumaliza pembe moja na kuhamia nyingine. Weka kipande cha kadi ngumu kati ya kabari na kitambaa ili nyundo ikikosa isikiguse. Acha mara tu kitambaa kinapotoa mlio. Kukaza zaidi huchana kitambaa kwenye pembe au kufungua maungio ya mbao.

Ikiwa fremu imegundishwa na kupigwa pini kwenye pembe kiasi kwamba haiwezi kutanuka, kabari hazina pa kuingia. Hapo hutumika maji. Ilaze kanvasi kifudifudi juu ya kitambaa safi, nyunyizia maji ya uvuguvugu upande wa nyuma kwa chupa ya kunyunyizia hadi uso wote uwe na unyevu ulio sawa, yasambaze kwa mkono, kisha uiache ikauke ikiwa imelala, mbali na jua kali. Pamba hujivuta inapokauka, na mbonyeo mdogo huisha. Dawa hii huondoa ulegevu mdogo na mibonyeo ya safarini, lakini kanvasi iliyokazwa vibaya tangu mwanzo italegea tena baada ya majuma machache. Hiyo haina budi kufunguliwa pini za stepla na kukazwa upya: anza katikati ya upande mmoja, uhamie katikati ya upande ulio mkabala, kisha pande mbili zilizobaki, ndipo uelekee pembeni hatua kwa hatua ukibadilishana pande. Anayeanzia pembeni hukusanya mikunjo asiyoweza kuiondoa.

Kanvasi haikai sawa mezani au ukutani

Hii ni fremu. Ilaze juu ya meza iliyonyooka na uguse pembe moja moja. Ikiyumba, mbao zimejipinda. Pima pia mshazari kutoka pembe hadi pembe pande zote mbili. Vipimo visipolingana, fremu si mraba wala mstatili wa kweli. Vipimo hivi viwili huchukua dakika moja na vinapaswa kufanyika dukani, kwa sababu fremu iliyopinda hainyooshwi kwa urahisi. Ndogo inaweza kuwekewa uzito kwa siku kadhaa na ikarudi, mara nyingine isirudi.

Mbao za unene wa sentimita 2 hivi zinatosha kanvasi ndogo. Upande ukikaribia sentimita 80 au zaidi, tafuta mbao nene, za sentimita 3.8 au karibu na hapo, na ubao wa kukatisha katikati. Bila hivyo, mvuto wa kitambaa chenyewe huzikunja mbao kuelekea ndani.

Bodi ya kanvasi inajikunja

Bodi ya kanvasi ni kitambaa kilichogundishwa juu ya kadi ngumu, na ni chaguo zuri kwa mazoezi. Hujikunja kwa sababu upande wa mbele unapata maji na wa nyuma haupati. Paka upande wa nyuma jeso au rangi yoyote ya akriliki iliyobaki, uhakikishe na kingo zimefunikwa, maana maji huingia kadi kupitia kingo na kuifanya ifumuke. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuchora, si baada ya kujikunja. Anayependa rangi nyingi za majimaji achague zilizogundishwa juu ya mbao au hadibodi.

Mistari ya fremu na mibonyeo inaonekana mbele

Angalia ukingo wa ndani wa mbao kwa nyuma. Fremu iliyotengenezwa vizuri imechongwa kwa mteremko, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Ikiwa mbao ni bapa na kitambaa kinazilalia, kila unapokandamiza brashi karibu na ukingo mstari hujitokeza. Chomeka kadi nyembamba kati ya mbao na kitambaa unapochora sehemu hizo, kisha uitoe.

Manjano yanajitokeza chini ya tabaka linalopitisha mwanga

Anayetumia jeli isiyo na rangi, yaani midiamu nzito ya akriliki, wakati mwingine huona uso ukigeuka manjano au kahawia hafifu inapokauka. Maji yaliyo kwenye jeli huyayusha uchafu na wanga uliobaki katika kitambaa na kuuvuta juu. Jeso peke yake haizuii kabisa. Paka kwanza matabaka mawili ya midiamu nyepesi ya akriliki kwenye kitambaa, kisha jeso, kisha jeli. Kwa anayepaka rangi za kawaida zisizopitisha mwanga, jambo hili halionekani na halina haja ya kuhangaikiwa.

Nyufa baada ya kumimina rangi

Rangi iliyomiminwa kwa unene hukauka juu kwanza, kisha chini hupungua na kuupasua utando wa juu. Sehemu ya tatizo ni kanvasi, kwa kuwa ikilegea katikati rangi hujikusanya pale na kuwa nene kuliko pembeni, na nyufa huanzia hapohapo. Tumia bodi ngumu, au weka chini ya katikati ya kanvasi kadi kadhaa zilizopangwa hadi ziguse kitambaa bila kukiinua, na uhakikishe meza imelala sawa. Mimina mara mbili kidogo kidogo badala ya mara moja kwa wingi, na acha ya kwanza ikauke kabisa.

Picha zilizowekwa pamoja zimegandana

Akriliki iliyokauka hubaki na ulaini fulani, na joto huuzidisha. Picha mbili zilizogusana uso kwa uso katika chumba chenye joto hushikana, na zikitenganishwa kwa nguvu hunyang'anyana rangi. Zisimamishe wima zikiwa na nafasi kati yake, au weka karatasi ya kuokea yenye silikoni katikati. Zilizokwisha gandana ziwekwe kwanza mahali penye ubaridi wa wastani, ndipo zitenganishwe polepole kuanzia pembe moja. Baridi kali isitumike, kwa sababu akriliki ikipoa sana huwa ngumu na hupasuka, na ndiyo sababu pia kanvasi iliyochorwa na kuviringishwa haifunguliwi ikiwa bado ina baridi.

Kanvasi ipi inunuliwe badala ya ile iliyoleta shida

Kwa mazoezi ya kila siku, daftari la karatasi za kanvasi halisi iliyopakwa jeso linatosha, mradi usilichanganye na karatasi ya kawaida iliyochapwa alama za ufumaji. Chana pembe kidogo, na nyuzi zikijitokeza ni kanvasi. Kwa picha za kumalizwa, kanvasi ya pamba ya gramu 300 hivi, yenye ufumaji wa kati na fremu inayopokea kabari, haitamnyima anayeanza chochote ambacho kitani kingempa. Ukubwa wa sentimita 30 kwa 40 unafaa kuanzia: ndogo zaidi humlazimisha mtu kutumia brashi nyembamba kabla hajajifunza kutumia pana, na kubwa zaidi hukauka upande mmoja kabla hajafika wa pili.

Anayechora kwenye karatasi za daftari abandike ukurasa juu ya ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, ili usijikunje. Na kama anadhani huenda akapenda kuiweka picha kwenye fremu baadaye, aache mpaka mtupu wa sentimita 5 kila upande tangu mwanzo, kwa sababu bila kitambaa cha kukunjia nyuma ya mbao hakuna namna ya kuikaza tena.